Gesi ya Kiyoyozi Haiishi Bure
Gari kuukuu lipitalo Kaberebere kati ya Mbarara na makazi ya Nakivale hula vumbi jingi, na kiyoyozi chake hufa mara kwa mara. Wenye magari wengi hukimbilia kujaza gesi. Yafaa ijulikane kwamba gesi haiungui kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, inavuja, na karo ya watoto huvuja pamoja nayo. Fundi atafute kwanza alama za mafuta kwenye maungio na mipira, azibe, ndipo ajaze. Gesi hiyo, R-134a, huzidisha pia joto la dunia. Mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kuipunguza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.