Baridi Yabisi Si Moja
Huku Msambweni jina baridi yabisi hubeba maradhi tele. Mama akiamka vidole vimekakamaa, husuguliwa mafuta ya nazi, basi. Huenda ni chikungunya, homa ya mbu iliyozuka kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na Mombasa mwaka 2017. Maumivu yake huweza kudumu miezi. Lakini vidole vya mikono yote miwili vikivimba zaidi ya wiki sita, daktari ashuku maradhi yanayokula viungo, yatakayo dawa mapema. Kuyatenganisha huanza kwa kubonyeza kila kiungo, ujuzi unaochakaa usiponolewa. Ndiyo maana daktari wa Kenya hudaiwa masomo kila mwaka kabla ya leseni mpya. Mikutano ya madaktari hupenda hoteli za Diani. Mimi ningeyapeleka masomo hayo wodini Msambweni, penye vidole vyenyewe.