Tusiwakabidhi watoto wetu kwa kila mwenye filimbi

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, mzazi wa Vitongoji, kisiwani Pemba, anapotaka kumpeleka mwanawe chuoni huuliza kwanza: maalimu ni nani, amesoma kwa nani, na mwenendo wake ukoje. Lakini mtoto huyo huyo anapoaga baada ya Alasiri kwamba anakwenda mazoezini, aghalabu huambiwa arudi kabla ya Magharibi, na maswali yakaishia hapo. Anayemfundisha ni nani, amejifunza wapi, anamkimbiza masafa gani na anakaa naye wapi wenzake wakishaondoka, wengi wetu hatujui. Ijumaa ya leo tumeona tukumbushane juu ya jambo hili, kwani mwili wa mtoto nao ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Hatusemi kwamba watoto wazuiwe mazoezi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi mbele ya Allah kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Yeye mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (R.A.). Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za harakati za kuutoa mwili jasho, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo zile za kuimarisha misuli na mifupa. Suala letu basi ni mazoezi gani, na chini ya nani.

Dini yetu imetangulia kutuonesha kwamba kila umri una kiasi chake. Abdullah bin Umar (R.A.) alipelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud akiwa na miaka 14, asiruhusiwe kupigana; siku ya Khandaq, akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Sahaba huyo huyo ametuhadithia kwamba Mtume (S.A.W.) aliposhindanisha farasi, wale waliokwishaandaliwa walipewa masafa marefu, na wale ambao hawakuandaliwa wakapewa masafa mafupi. Ikiwa farasi hakutwikwa asichoandaliwa nacho, vipi mtoto wa miaka 9 akimbizwe sawasawa na kijana wa miaka 17?

Hekima ya jambo hili iko ndani ya maumbile yenyewe. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia. Sehemu hizo zikiumizwa kwa mzigo mzito, au kwa kurudia harakati moja kila siku bila ya mapumziko, mfupa unaweza kukua kombo. Ndiyo maana mtoto hufaa kuanzia michezo ya kukimbia, kuruka na kuutumia uzito wa mwili wake mwenyewe. Apashe mwili kabla, anywe maji, na akilalamika maumivu asimamishwe, asiitwe mvivu. Tena watoto wa Pemba wengi hufika uwanjani wakiwa wamekwishachota maji, wamekwenda shamba, au wakati wa msimu wameshinda kwenye karafuu. Mwalimu asiyeuliza hayo atawatwika mzigo juu ya mzigo. Na mwenye mtoto wa pumu au wa ugonjwa wa selimundu, amuone daktari kwanza. Hospitali ya Vitongoji haiko mbali.

Sasa mwalimu huyo achaguliwe vipi? Qur'ani Tukufu imetupa kipimo katika Sura Al-Qasas, aya ya 26, pale binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amuajiri Nabii Musa (A.S.), kwa hoja kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu aliye muaminifu. Sifa ni mbili, na moja haitoshi bila ya nyengine.

Nguvu ya mwalimu ni ujuzi wake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba anayetibu watu bila ya kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha, na anayeuendesha mwili wa mtoto hayuko mbali na hukumu hiyo. Katika soka, leseni za Shirikisho la Soka la Afrika huanzia daraja la D, kisha C, B na A. Tunajua kwamba vijana wengi wanaowafundisha watoto wetu hujitolea bila ya malipo, na Allah awalipe. Lakini kujitolea hakuondoi haja ya kujua. Tuwaulize wamesoma nini, wanajua huduma ya kwanza, wanawagawa watoto kwa umri? Na wasiosoma, wazee wa shehia tuchangishane tuwasomeshe.

Uaminifu ndio mlango ambao tukiulegeza tutajuta. Udhalilishaji wa watoto ni msiba unaotajwa kila siku visiwani kwetu, na mwenye nia mbaya hupenda kukaa pale penye watoto. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, lakini sheria hufika baada ya madhara. Jicho la mzazi hufika kabla. Mazoezi yawe mahali pa wazi, pawepo mtu mzima zaidi ya mmoja, mtoto asifuatane peke yake na mwalimu chumbani wala safarini, na zawadi za siri zikataliwe. Mtoto aliyekuwa akipenda mazoezi akakataa ghafla kwenda, asipigwe, asikilizwe. Hapa ndipo tunapoangamia kwa muhali: tunaona haya kumuuliza mtu tunayesali naye safu moja. Mwalimu muaminifu hachukii kuulizwa. Hufurahi kujua kwamba hayuko peke yake katika kuilinda amana.

Wala tusiwasahau watoto wa kike, ambao baadhi yetu, kwa kuogopa hayo, tunawafungia kabisa. Bibi zao walicheza nage uwanjani wakapata siha. Huko Nungwi, Unguja, katika miaka ya 2010 wasichana walifundishwa kuogelea wakiwa na mavazi ya stara. Akipatikana mwalimu wa kike na mahali pa stara, udhuru umekwisha.

Basi Alasiri ya leo, kabla mtoto hajatoka, tufuatane naye hadi uwanjani, tumtolee salamu mwalimu wake, tukae tutazame.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape watoto wetu siha na stara, na atuwafikishe sote katika kuzitunza amana zake. Amin.