Nani atahesabu ndagala wa Ziwa Tanganyika?

Mjini Bujumbura kuna ofisi mbili za kikanda ambazo majina yake hayafanani lakini zinahitaji wataalamu wa aina moja. Ya kwanza ni Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Ya pili ni Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, taasisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC). Moja inashughulikia maji na samaki, nyingine magonjwa. Zote zinategemea hesabu za viumbe: wako wangapi, wanaongezeka kwa kasi gani, na nini kitatokea binadamu akiingilia kati.

Kijana wa Bujumbura anayetaka kazi ya namna hiyo hukutana na njia mbili zilizoachana. Katika Chuo Kikuu cha Burundi, biolojia na hisabati ni idara mbalimbali, ingawa zote ziko ndani ya Kitivo kimoja cha Sayansi. Mgawanyiko huo haukuanzia chuoni, wala si wa Burundi peke yake. Tanzania mwanafunzi wa kidato cha tano huchagua PCB au PCM, na yule wa PCB hupewa somo dogo la hesabu za matumizi ili asisahau kabisa. Karibu eneo zima, biolojia hutembea na kemia, hisabati na fizikia. Mpangilio huo unamfaa daktari na unamfaa mhandisi. Anayetaka kujua ziwa lina samaki kiasi gani haumfai.

Mfano wa samaki unaeleza vizuri. Tuseme mwalo mmoja una mitumbwi 100, na kila mtumbwi huleta kilo 100 kwa usiku. Miaka michache baadaye mitumbwi imekuwa 200, kila mmoja ukileta kilo 60. Jumla imepanda kutoka kilo 10,000 hadi 12,000, na ofisa anayesoma jumla peke yake ataandika kwamba uvuvi unastawi. Kumbe kila mvuvi amepoteza asilimia 40 ya mapato ya usiku wake, na ziwa huenda linaelekea kubaya. Ili kujua kama ni kubaya kweli, lazima mtu ajue pia kwamba ndagala huishi muda mfupi na huzaana upesi, tofauti na mukeke, ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka na ambaye hula hao hao ndagala. Mtu wa hesabu asiyejua hayo atakosea. Anayeyajua bila hesabu atabaki na wasiwasi asioweza kuupima.

Na wasiwasi upo. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza uzalishaji wa chakula ziwani kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi za ziwa hilo. Miezi mitatu bila uvuvi ni njaa kwa familia za mwambao. Je, miwili ingetosha? Minne ingezaa zaidi? Majibu ya maswali hayo hayapatikani kwa mjadala wa mawaziri.

Kwa upande wa magonjwa hali ni ile ile. Machi 2017 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria. Mwaka 2019 wagonjwa walioandikishwa walizidi milioni 5 katika nchi yenye watu wapatao milioni 11, idadi inayotisha mpaka mtu akumbuke kwamba mgonjwa mmoja huweza kuandikishwa mara mbili au tatu kwa mwaka. Zaidi ya karne moja iliyopita, daktari Mwingereza Ronald Ross, aliyethibitisha kwamba mbu hueneza malaria, alijifunza hisabati mwenyewe na kuonyesha kwamba si lazima kuua mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia. Burundi yenyewe ina somo lake: huko Karuzi, baada ya mlipuko wa 2000, dawa ilielekezwa kwenye nyumba za mabondeni karibu na vinamasi badala ya kutawanywa kila kilima, na mbu walipungua. Utafiti huo uliongozwa na taasisi ya Antwerp, Ubelgiji.

Hapo ndipo penye gharama ya kutenganisha masomo. Utaalamu wa kuunganisha viumbe na namba hununuliwa nje, na mkataba ukiisha mtaalamu huondoka na kompyuta yake.

Wapo wanaopinga shahada ya pamoja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Katika mfumo wa BMD, ulioletwa na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2011, shahada ya kwanza ina miaka mitatu na krediti 180. Masomo mawili kamili hayaingii humo. Jambo moja lazima likatwe, na kila idara ingependa kikatwe cha mwenzake. Lakini mwanafunzi wa aina hii anaweza kuahirisha aljebra ya juu na sehemu ya anatomia ya mimea. Takwimu, hesabu za mabadiliko, ikolojia na jenetiki haziahirishiki. Wala hakuhitajiki jengo jipya wala kitivo kipya, bali ratiba moja na walimu wawili waliokubali kusahihisha mtihani mmoja.

Kikwazo kigumu zaidi ni ajira. Tangazo la kazi huomba "biolojia" au "hisabati", na mwenye vyote viwili huonekana hana hata kimoja. Kenya walau mwalimu wa sekondari hutakiwa kuwa na masomo mawili ya kufundisha, kwa hiyo mwenye jozi hii ana pa kuanzia.

Mei 2017 wakuu wa nchi za EAC walilitangaza eneo lote kuwa ukanda mmoja wa elimu ya juu. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lina mwongozo wa kulinganisha shahada. Shahada ya jina jipya itakayotolewa kwa Kifaransa Bujumbura itapimwa kwa mwongozo huo kabla mwajiri wa Kigoma au Kisumu hajaifungua bahasha.