Mwenye hisa mdogo wa benki alindwe


Mwaka 2019, benki ya KCB ilipoichukua Benki ya Taifa ya Kenya kwa kubadilishana hisa, hisa 10 za benki hiyo kwa hisa 1 tu ya KCB, mwekezaji mdogo aliyeshikilia hisa zake tangu miaka ya 1990 alibaki na akiba iliyosinyaa. Uwiano huo haukuwa pigo pekee, kwani hisa za upendeleo, yaani zile ambazo mwenye nazo hulipwa gawio kabla ya wenye hisa za kawaida, zilizokuwa mikononi mwa Serikali na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambazo idadi yake ilizidi bilioni 1.1, ziligeuzwa kuwa hisa za kawaida, hivyo umiliki wa mwekezaji mdogo ukapungua sana bila yeye kuuza hata hisa moja. Ni kweli kwamba Benki ya Taifa ilielemewa na mikopo isiyolipika na ilihitaji mtaji; lakini mwenye hisa 500 hakuidhinisha mkopo hata mmoja. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inapaswa kuagiza kwamba, kabla ya muungano wowote kama huo, mthamini huru aeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka kile ambacho mwenye hisa mdogo atakipoteza.

Mwekezaji mdogo, Mombasa