Pasaka ya 1979

Kampala ilikombolewa kutoka kwa utawala wa Idi Amin tarehe 11 Aprili 1979. Jioni hiyohiyo Wayahudi duniani kote walikuwa wakiingia Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Huko Nabugoye, karibu na Mbale, si mbali na hapa Tororo, Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, hawajaisahau jioni hiyo.

Jamii hiyo ilianza mwaka 1919, Semei Kakungulu alipojitenga na dhehebu la Wamalaki na kushika dini ya Kiyahudi. Ni Kakungulu yuleyule aliyeiteka Bukedi yetu kwa bunduki akiwatumikia Waingereza, na hilo tusilifiche tunapomtaja. Idi Amin aliipiga marufuku dini ya Abayudaya, masinagogi yakafungwa. Septemba 1972 alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Wengi wakabadili dini. Mamia machache waliobaki walisali kwa kujificha.

Rabi wao, Gershom Sizomu, husimulia kwamba baba yake alikamatwa kwa kujenga kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, akakombolewa kwa mbuzi watano. Mbuzi hao hakuna kabati la kioo litakalowahifadhi. Tunawajua kwa sababu baba alimwambia mwanawe, na mwana hakunyamaza. Hata Yad Vashem, jumba kuu la kumbukumbu kule Jerusalem, limepata mamilioni ya majina ya Wayahudi waliouawa Ulaya kutoka kwenye karatasi zilizojazwa na jamaa zao, kila marehemu na karatasi yake. Jumba lilizitunza, lakini ukoo ndio uliozungumza kwanza.

Na sisi wa mpakani je? Magendo ya kahawa ya miaka ile tunayasimulia Busia kwa kicheko. Lakini aliyevuka usiku akimkimbia Amin, Mhindi aliyefukuzwa na Amin akapita Tororo kwa treni mwaka 1972 akienda Mombasa, nyumba na duka ameviacha nyuma, Mkenya aliyeuawa Uganda baada ya Waisraeli kuvamia Entebbe Julai 1976: hao tunawanong'ona tu, na wazee wanaowajua kwa majina wanazikwa kila mwezi. Kusubiri serikali ijenge makumbusho ndipo tuanze kukumbuka ni kuwapoteza mara ya pili.

Kurasa nne za mwisho za toleo hili tumeziacha tupu. Keti na mzee wako. Andika jina la aliyepotea, jina la mama yake, mwaka, na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kisha utuletee.