Tumeuziwa Sauti ya Kadogo

Kila Mkenya anaelewa kadogo. Unga wa kupimiwa kwa kikombe, mafuta ya kupikia ya shilingi 20, sabuni iliyokatwa kwa kisu. Na kila Mkenya anajua hesabu yake: mwezi ukiisha, aliyenunua kidogo kidogo amelipa zaidi ya aliyenunua mtungi mzima. Maskini ndiye hununua ghali. Sasa angalia hapo mezani, kando ya chaja. Hiyo spika ya Bluetooth inayotoshea kiganjani ni kadogo ya sauti, na pengine hata hukumbuki ni ya ngapi.

Naandika hivi nikijua nitaitwa mzee. Nina miaka 26, naishi keja ya chumba kimoja, na ndani yake kuna maboksi mawili ya spika yanayonifika kiunoni, yaliyotengenezwa Japani kabla sijazaliwa. Wageni huuliza maswali mawili. La kwanza: "Hizi bado zinafanya kazi?" Hilo hujibiwa na besi. La pili: "Na si zinakula stima vibaya?" Hili la pili ndilo linanikasirisha, kwa sababu nyuma yake kuna uongo tuliofundishwa na watu wanaotuuzia vitu.

Tuanze na uongo wenyewe. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme utaona redio ya plastiki yenye taa za rangi, na mbele yake stika: PMPO wati 5,000, PMPO wati 10,000. Usiulize muuzaji. Igeuze uangalie nyuma, pale kwenye maandishi madogo ya umeme. Utakuta wati 30, au 40. Redio inayovuta wati 40 ukutani haiwezi kutoa wati 10,000 kwa spika, hata ikiombewa. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujiandikia namba inayokipendeza. Ukipimiwa unga kwa mizani ya aina hiyo ungeita askari wa kaunti. Kwa sauti, tunalipa na kusema asante.

Ukweli ni kwamba ukubwa wa spika za zamani haukuwa majigambo. Kuna kanuni ambayo wahandisi wa spika huiita sheria ya chuma ya Hofmann, kutokana na Josef Anton Hofmann, yule ambaye jina lake ndilo H katika chapa ya KLH ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1957. Inasema kuna mambo matatu unayotaka kwa spika: besi inayoshuka chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili. La tatu utaliacha.

Wazee walichagua kwa macho wazi. Mwaka 1946 Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mjini Hope, Arkansas, akiuza Klipschorn, spika ya kuwekwa konani, kubwa kama kabati la nguo. Siku hizo ampu za nyumbani zilikuwa za valvu, nyingi zikiwa na wati chache tu, kwa hivyo kazi ilibidi ifanywe na spika yenyewe. Klipschorn hutoa desibeli 105 hivi kwa wati 1, ukiipima kutoka mita 1. Halafu mwaka 1954 Edgar Villchur wa Acoustic Research akaleta AR-1, boksi dogo lililofungwa kabisa, lenye besi nzito ajabu. Naye alilipa bei yake: spika hiyo ilidai umeme mwingi zaidi. Hakuna aliyekwepa ile sheria, na hicho kidubwana chako cha kiganjani hakijaikwepa pia. Kimeacha besi, kisha kikakuwekea taa.

Sasa rudi kwa swali la stima. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima uongeze wati mara mbili. Desibeli 10, mara kumi. Nyuma ya maboksi yangu kumeandikwa desibeli 93 kwa wati 1. Spika ndogo ya desibeli 83 inahitaji wati 50 kufikia kelele ambayo zangu zinatoa kwa wati 5. Usiku nikisikiliza taratibu, zinatumia chini ya wati 1. Hiyo ndiyo "kula stima" mnayoniambia.

Kinachokula ni ampu kubwa ya zamani, ambayo huchoma umeme hata ikinyamaza. Na hapo mtu ana njia. Kuna bodi ndogo za ampu za klasi D, za ukubwa wa kiberiti au kidogo zaidi, zinazotumia volti 12. Unganisha na betri ya sola, na kila spika ya omu 8 itapata wati 8 hivi safi. Kwa spika ya desibeli 93 hiyo inatosha kuamsha ploti nzima. Stima ikipotea mtaani, mimi bado nasikiliza. Lakini ukipenda ampu ya zamani, soma nyuma kabla ya kuchomeka: iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na ukuta wako una 240. Bila transfoma ya kupunguza, utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo.

Mtaniuliza, besi ni ya nini hasa, si ni kelele za matatu tu? Hapana. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Koni ya inchi 2 haiwezi kukuletea mtetemo huo kwa nguvu ya kusikika. Kinachotokea ni kwamba spika inakupa mitetemo ya juu ya noti hiyo, na ubongo wako unajaza pengo. Unasikia besi ambayo haipo chumbani. Koni ya inchi 12 ina eneo mara 36 la ile ya inchi 2. Inasukuma hewa kwa uvivu, na hewa inakufika kifuani.

Jaribu na Les Wanyika, bendi iliyozaliwa hapa Nairobi mwaka 1978. Kwa simu utasikia magitaa na sauti tamu, utasema ni nyimbo za harusi za wazazi. Kwa spika yenye koni ya kweli utagundua kwamba Tom Malanga, mpiga besi, ndiye anayeuendesha wimbo wote, na wengine wamepanda gari lake. Muziki wa mji huu uliuzwa kwa santuri, na watu waliusikiliza wakiwa wamekaa mbele ya maboksi. Sisi tunaupokea umekatwa miguu, halafu tunasema ni mwepesi.

Lakini hoja yangu kubwa ni skrubu.

Dadangu alinunua spika ya Bluetooth kwa shilingi 4,200. Miezi 14 baadaye betri ikafa. Akairudisha dukani, akaambiwa hizo haziwezi kufunguliwa, anunue nyingine. Na kweli haifunguki: imegandishwa kwa gundi kila upande. Yaani amelipia kitu ambacho hana ruhusa ya kuona ndani yake. Ni ndugu wa ile simu ya kulipa polepole inayojifunga ukichelewesha malipo ya siku. Sisi ni kizazi cha wapangaji. Hata vitu vilivyo mfukoni tumevipanga.

Maboksi yangu yana skrubu nane kwa kila wufa. Nilinunua jozi kwa shilingi 5,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, zikiwa zinakoroma kama mgonjwa. Nikazibeba hadi ghorofa moja ya barabara ya Luthuli, kwa mzee ambaye amekaa kwenye meza moja miaka mingi. Alifungua wufa, akachukua betri ya tochi, akagusisha nyaya zake mbili kwa sekunde moja. Koni ikaruka mbele.

"Hii iko hai, kijana wangu," akasema. "Ni nguo tu imechanika."

Nguo aliyosema ni ile pete ya spongi inayozunguka koni. Spongi huoza, hasa penye unyevu. Miaka 15 au 20 inatosha kuifanya makombo. Wengi wakiona hivyo hutupa spika nzima, na kumbe sumaku, koili na koni ni wazima kabisa. Mzee alikwangua gundi ya zamani kwa spiriti, akaingiza vipande vya karatasi kuzunguka koili ili ikae katikati, akabandika pete mpya, akaiacha ikauke hadi kesho. Kisha akanionyesha kapasita zinazogawa sauti kati ya wufa na twita. Zile za majimaji hukauka na umri, na twita huanza kusikika kama imefunikwa blanketi. Tukapima, tukabadilisha nne. Kazi yote: shilingi 3,800.

Katikati ya kazi aliniuliza kama nilisomea umeme. Nikamwambia niliacha chuo mwaka wa pili.

"Basi bado hujaharibika," akasema, akanipa kile chuma cha kuchomelea risasi.

Nimecheka nayo, lakini kuna jambo halichekeshi. Kando ya meza ya mzee kuna stuli ya mwanafunzi. Imewekewa katoni za rimoti. Anasema kijana wa mwisho aliondoka kwenda kuuza kava za simu, na hamlaumu, kwa sababu kazi ya spika inakuja mara moja kwa wiki, wakati mwingine haiji. Mzee huyo akifunga, hakuna anayejua koili inawekwaje katikati kwa karatasi. Kila tunaponunua kile kilichogandishwa kwa gundi, tunalipa kiwanda cha mbali ili stuli ile ibaki tupu. Na mabaki hayapotei: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo ilijulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Najua mtakachojibu. Keja ni ndogo. Sawa, yangu pia, na boksi moja limebeba televisheni na lingine limebeba vitabu. Majirani watalalamika. Walalamike wakiwa na haki. Kanuni za kelele za NEMA zipo tangu 2009, na spika kubwa ina kitufe cha sauti kama ndogo. Tena kwa sauti ya chini ndipo kubwa huishinda ndogo vibaya, maana haijikakamui.

Jibu lingine ni kwamba haya ni mambo ya matajiri. Hapo nakubali kwamba wapo wanaotaka yawe hivyo: wale wa kununua waya kwa bei ya ploti na kuongea juu ya valvu kama watu wa dini. Hao pia ni adui, kwa sababu wanawatisha watu wenye shilingi 5,000. Lakini mwangalie James Rugami, ambaye kibanda chake cha santuri Kenyatta Market kinajulikana hadi ng'ambo. Yuko sokoni, si jumba la makumbusho. Hapo ndipo mahali pa vitu hivi.

Kwa hivyo Disemba hii ukienda ocha, ingia ile nyumba ya nyuma. Yatafute maboksi ambayo guka au kuka aliyanunua kwa bonasi ya chai, kabla hayajawa viota vya kuku. Usikubali fundi wa gari akuwekee wufa ya omu 4 ndani yake. Itavuruga boksi na kuchosha ampu. Bonyeza koni kwa vidole taratibu. Ikisogea bila kukwaruza, koili ni nzima. Weka betri ya tochi uone kama itaruka. Ikiruka, ifunge kwa blanketi, ilipie nauli ya mzigo hadi Nairobi, na uipeleke Luthuli. Na ukifika kwa mzee yeyote mwenye meza, mwombe aondoe katoni kwenye stuli.