Mlango Usio na Kufuli

Mei 2019 Brian Krebs, mwandishi wa habari za usalama wa mitandao, alifichua kwamba tovuti ya First American Financial, kampuni kubwa ya Marekani ya bima ya hatimiliki za nyumba, ilikuwa imeacha wazi hati zipatazo milioni 885. Humo mlikuwa na namba za akaunti za benki, kumbukumbu za kodi na picha za leseni za udereva. Kila kasoro ya namna hii inapojitokeza husikika utetezi uleule, na hauna mashiko.

Kwanza husemwa kwamba huo si udukuzi, maana hakuna kufuli lililovunjwa. Ni kweli halikuvunjwa, kwa sababu halikuwapo. Mteja alitumiwa kiungo cha hati yake, na ndani ya anwani hiyo mlikuwa na namba. Akiibadilisha kwa tarakimu moja tu, aliletewa hati ya mtu asiyemjua, bila kuulizwa nenosiri. Seva ilijua hati gani imeombwa. Haikuuliza nani anaiomba, wala kama ana haki nayo. Aliyeanikwa siri zake hapati nafuu yoyote kwa kuambiwa kwamba hakuna kilichovunjwa.

Pili, eti nani atakaa kubahatisha mamilioni ya namba? Hakuna haja ya mtu kukaa. Programu fupi inatosha, hasa namba zikiwa zinafuatana. Idara ya Huduma za Fedha ya jimbo la New York ilieleza kwamba hati zaidi ya 350,000 zilichukuliwa na programu za aina hiyo. Wapo wanaobadilisha namba kwa mfululizo mrefu wa herufi usiokisika. Hilo husaidia kiasi, lakini kiungo husambazwa kwa barua pepe na hubaki kwenye kumbukumbu za kivinjari. Anwani ngumu si ruhusa.

Hoja inayopotosha zaidi ni ya wale wanaosema, "Watumiaji wetu wote huingia kwa nenosiri." Nenosiri huthibitisha kwamba Asha ni Asha. Halisemi kama Asha anaruhusiwa kusoma hati ya Juma. Hizo ni kazi mbili, na ya pili lazima ifanyike kila ombi linapofika kwenye seva. Kuficha kitufe kwenye skrini hakuzuii kitu, kwani ombi laweza kutumwa bila kugusa kitufe hicho. Si ajabu kwamba mwaka 2021 OWASP, shirika la usalama wa programu, liliweka udhaifu wa udhibiti wa ruhusa katika nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya hatari kuu za programu za wavuti.

Na kumtupia lawama mtengenezaji programu mmoja? Kasoro ile ya First American iliingia mwaka 2014. Wataalamu wa usalama wa kampuni yenyewe waliiona na kuiandikia ripoti Januari 2019, na bado Mei ilikuwa wazi. Huo ni uzembe wa uongozi. Faini ya dola milioni 1 iliyotozwa na New York mwaka 2023 ni ndogo mno.

Wewe unayetengeneza programu, fungua leo akaunti mbili za majaribio. Chukua anwani ya hati ya akaunti ya kwanza, kisha iombe ukiwa umeingia kwa ya pili. Ikifunguka, usiwape watu programu hiyo mpaka uirekebishe.